Uzi maalumu: Kupanda mlima polepole kwa tafakuri, kamera ikiwa shingoni (Pugu na Uluguru, kwa sisi wa Dar)

Mtembea Taratibu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye nyuzi za wengine nimekuwa nikigusia jambo hili juu juu, leo naliandika kwa kirefu. Nazungumzia kupanda mlima kwa mwendo wa polepole, akili ikiwa palepale miguu ilipo, na kupiga picha chache sana njiani. Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kubisha abishe vizuri: kamera haiharibu utulivu wa mlimani, haraka ndiyo inayouharibu. Ukiitoa haraka, kamera inakusimamisha mahali ambapo ungepita tu, na kule kusimama ndiyo kazi yenyewe.

Nawaandikia hasa watu wa Dar. Tunaishi usawa wa bahari, kwenye joto na foleni, honi za bodaboda kuanzia alfajiri, vipaza sauti vya Kariakoo vikitangaza bei mpaka jioni. Ukitaja mlima, mtu wa hapa anawaza Kilimanjaro, mita 5,895, ada za kulipa kwa dola, basi anaona halimhusu. Wakati huohuo maji aliyoogea asubuhi yametoka milimani. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya jiji hili. Msimbazi nao, huu tunaoulaani kila Jangwani ikifurika, unaanzia vilima vya Pugu kule Kisarawe. Mkazi wa Kimara au wa Ilala anaigusa milima hii kila anapofungua bomba au anapovuka daraja. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kwenda kuitazama kwa makini walau mara chache maishani.

Pa kuanzia. Anza na Pugu. Unafika Gongo la Mboto, unapanda daladala ya Kisarawe, nusu siku inatosha. Si mlima wa kutisha, ni vilima vya mita mia mbili, mia tatu hivi, lakini msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani, na ukishaingia ndani kelele za jiji zinakatika kabisa. Kuna mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, yenye popo wengi. Halafu pale Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili aingie kwenye siasa moja kwa moja. Wazee husimulia kwamba alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Pugu kuja mjini kwenye mikutano. Nikitembea njia za kule huwa nawaza ni mambo mangapi ya nchi hii yalifikiriwa na mtu aliyekuwa anatembea.

Ukishazoea Pugu, nenda Uluguru. Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro Juni 2024, ni chini ya saa mbili kutoka Dar. Kutoka mjini Morogoro unapanda kuelekea Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili tatu. Kwa mwendo ninaousema hapa, hesabu asubuhi nzima. Wenye nguvu wanaweza kupanga siku nyingine kwa kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, kinapita mita 2,600, ila hicho ni safari ya kujipanga, si ya kwenda na kurudi. Sehemu ya msitu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo pitia ofisini kwao, lipia, chukua mwongoza njia. Ada hubadilika, ulizeni palepale.

Namna ya kutembea. Saa ya kwanza kamera ikae begini. Usiitoe hata ukimwona mbega. Mwili uliotoka kwenye foleni haujafika bado. Macho yanatafuta kitu cha kuonyesha watu, hayajaanza kuona. Katika saa hiyo shughulika na pumzi na hatua tu. Vuta pumzi kwa hatua tatu, itoe kwa hatua nne. Mlima ukikaza, punguza. Usishindane na namba, hesabu ni ya kukurudisha ukipotea, na utapotea sana: utakumbuka deni, utakumbuka ujumbe ambao hukujibu, utaanza kupanga chakula cha jioni. Ukigundua umeondoka, unarudi kwenye unyayo. Hakuna zaidi ya hapo. Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, alifundisha watu wengi duniani kutembea hivi, pumzi na hatua vikienda pamoja. Mmarekani Jon Kabat-Zinn naye alianzisha mwaka 1979, kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, mafunzo ya wiki nane ya utulivu wa namna hii kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo. Japani tangu 1982 serikali yao inahimiza watu kwenda msituni kutulia tu, wala si mazoezi. Nawataja ili mjue si jambo nililolibuni mimi.

Baada ya saa hiyo, toa kamera. Simu inafaa vilevile, ila iweke kwenye hali ya ndege. Sasa endelea kutembea mpaka kitu kikusimamishe chenyewe. Usikitafute. Kikikusimamisha, shusha mikono na ujiulize ni nini hasa kilichonisimamisha. Ni mwanga? Ni rangi? Ni umbo la mzizi? Jibu likiwa harufu ya majani yaliyooza au mlio wa maji, acha kamera ilale, kwa sababu picha utakayopiga haitakuwa na kile ulichokipata. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tumeguswa na sauti, tunapiga picha ya miti, tukifika nyumbani tunashangaa picha mbona imepoa.

Jibu likiwa jambo la macho, sogea. Sogea mpaka kwenye fremu kimebaki kile tu. Subiri pumzi itoke yote. Mwishoni mwa pumzi, kabla hujavuta nyingine, mwili unatulia kidogo. Hapo ndipo pa kubonyeza. Ukijaribu utaona hata picha zinapungua kutikisika, na msituni ambako mwanga ni hafifu hilo lina maana kubwa.

Kisha weka kikomo. Mimi nashauri picha kumi na mbili kuanzia chini hadi juu. Zamani filamu moja ilikuwa na picha 36, mtu anaitumia harusi nzima na ubatizo juu yake, na kila alipobonyeza alikuwa amefikiria. Na usizitazame mpaka ushuke. Bandika kiraka cha karatasi kwenye kioo cha nyuma kama mkono unawasha.

Karibuni kwa maswali na kwa kupinga.

---

Kimara Mwisho

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, hiyo ya saa ya kwanza bila kamera imenigusa. Huwa naanza kupiga toka getini, nikifika juu nimechoka macho na betri imeisha.

---

Dada wa Tabata

Mtoa mada umeandika vizuri ila mimi nabisha. Utulivu na kamera haviendi pamoja. Kuna utafiti wa mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Linda Henkel, uliochapishwa 2014. Alipeleka wanafunzi makumbusho, vitu vingine wakavitazama tu, vingine wakavipiga picha. Kesho yake walikumbuka vibaya zaidi vile walivyopiga picha. Akili inaiachia kamera kazi ya kukumbuka. Sasa mtu anapanda Uluguru ili awepo, halafu anabeba mashine ya kumsaidia asiwepo? Acha simu kwa mwenyeji wako, panda mikono mitupu.

---

Mtembea Taratibu

Dada wa Tabata, nashukuru kwa kuuleta utafiti huo, maana una sehemu ya pili ambayo watu hawaisimulii. Henkel aliwaambia wanafunzi baadhi ya vitu wavisogelee kwa lenzi, wapige kipande tu cha kitu, tuseme mguu wa sanamu. Kwa vitu hivyo kumbukumbu haikushuka. Walikumbuka hata sehemu ambazo hazikuwemo kwenye picha. Maana yake ni kwamba aliyepoteza ni yule aliyepiga kitu kizima kwa mkupuo na kusonga mbele. Aliyelazimika kuchagua kipande ilibidi atazame kwanza.

Ndiyo sababu nimesema sogea mpaka kibaki kile tu. Picha ya bonde zima toka Morningside, mji ukiwa chini, kila mtu anayo na inafanana na ya kila mtu. Lakini ukichuchumaa dakika kumi mbele ya jani moja la mgomba lenye umande, ukaona namna matone yanavyojipanga kufuata mishipa ya jani, hilo halikutoki tena.

Hata hivyo kuna siku za kupanda mikono mitupu, na hapo nakuunga mkono kabisa. Mtu aliyefiwa karibuni, au mwenye jambo zito moyoni, asibebe kamera. Atembee tu.

---

Mkazi wa Temeke

Assalaam alaykum. Mimi swali langu ni la imani. Haya mambo ya kuhesabu pumzi, watawa wa Vietnam, je, si ibada za watu wengine tunaingizwa kidogokidogo? Nauliza kwa nia njema, nina vijana nyumbani wanapenda sana hizi safari.

---

Mtembea Taratibu

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Swali ni la haki na nalijibu kwa heshima.

Kuhesabu hatua na kufuata pumzi, kama nilivyoeleza, hakuna maneno ya dua ndani yake wala kiumbe kinachoombwa. Ni kuizuia akili isizurure. Anayetaka kuweka dhikri kwenye hatua zake aweke, na wapo Wakristo wanaopanda huku wakisali rozari. Na kwenda mlimani ili kutulia hakukuanzia Vietnam. Mtume Muhammad alikuwa akijitenga kwenye pango la Hira, mlimani nje ya Makka, na huko ndiko wahyi wa kwanza ulikomkuta. Injili nayo inasema Yesu aliwaaga makutano akapanda mlimani peke yake kuomba. Vijana wako wakipanda Pugu kimyakimya wakatafakari uumbaji wa Mwenyezi Mungu, nadhani wamo kwenye njia waliyopita watu wema kabla yao. Lakini wewe ndiye mzazi, na imamu wa mtaani kwako anaweza kukushauri kuliko mimi.

---

Mkazi wa Temeke

Ahsante sana, umenijibu vizuri. Nitawaruhusu waanze na Pugu.

---

Jicho la Lenzi

Wakuu, mimi ni mpiga picha wa harusi hapa mjini, naongezea ya ufundi kwa sababu mtoa mada ameyapitia haraka.

Ukungu. Uluguru ukungu ni jambo la kawaida, hasa kuanzia mchana na kwenye miteremko ya mashariki ambako mvua hainyeshi kwa kufuata masika na vuli peke yake. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, picha inatoka ya kijivu kama moshi. Ongeza mwanga hatua moja, yaani +1 kwenye kamera. Kwenye simu, gusa kioo, kitatokea kialama cha jua, kipandishe kidogo. Hapo ukungu unabaki mweupe na miti inatokeza vizuri.

Unyevu. Treni ina kiyoyozi. Ukishuka Morogoro na kamera iliyopoa, ukaitoa palepale kwenye joto, lenzi inajaa mvuke na mwingine unaingia ndani. Iache begini nusu saa ipate joto taratibu. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Msitumie mchele, una vumbi.

Mwanga. Mji wa Morogoro uko upande wa kaskazini-magharibi wa milima. Asubuhi jua linatokea nyuma ya mlima, kwa hiyo mteremko unaoupanda unabaki kivulini kwa muda. Wapiga picha wengi wanalalamika, lakini kwa kazi hii anayoisema mtoa mada ni neema: mwanga laini, hakuna kivuli kikali usoni mwa majani, na jasho ni dogo. Jioni ndipo jua linaupiga mlima usoni. Huku kwetu karibu na ikweta jua halichelewi kuzama, ile rangi ya dhahabu inaondoka ghafla, kwa hiyo msiisubirie mkiwa bado juu msituni. Giza la msituni linaingia mapema kuliko la mjini.

Na droni msibebe kienyeji. Zinahitaji vibali vya mamlaka ya anga. Tena inapiga kelele, inafukuza ndege na utulivu wenyewe.

---

Mtembea Taratibu

Jicho la Lenzi, umenisaidia sana. Hapo kwenye ukungu niongeze jambo moja. Watu wakifika Morningside wakakuta ukungu hukasirika kwamba wamekosa mandhari. Mimi nawasihi wakae. Ukungu unapofunga bonde, unabaki na vitu vilivyo ndani ya mita kumi: kuvu kwenye gogo, utando wa buibui uliojaa matone, kinyonga kwenye kijiti. Mlima umekuchagulia cha kutazama.

Kinyonga nimtaje zaidi maana wengi wetu tumelelewa kumwogopa. Uluguru ina vinyonga wake wasiopatikana kwingine, wakiwemo wale wadogo wanaofanana na jani kavu. Ni mwalimu mzuri wa zoezi hili. Hutamwona ukitembea haraka, na ukishamwona, kila jicho lake linazunguka kivyake. Usimshike. Keti, mtazame anavyoinua mguu, anavyositasita, anavyouweka. Ukiweza kumfuata kwa macho mpaka avuke tawi moja bila kuwaza kitu kingine, hiyo tafakuri imekamilika, picha uipate usiipate.

Na ndege je? Kuna wawili ambao duniani kote wanaishi Uluguru tu, mmoja wa jamii ya kipwe, mwingine wa jamii ya chozi. Huyo kipwe ni adimu na hupenda vilele vya miti, kwa hiyo usiende ukiwa na ahadi ya kumwona. Kujua kwamba yuko juu yako mahali fulani kunatosha kukufanya utege sikio.

---

Dada wa Tabata

Nimesoma majibu, ile sehemu ya pili ya utafiti sikuwahi kuiona ikielezwa. Bado nitapanda mikono mitupu, ila nimeelewa hoja yako.

Sasa swali la pili, na hili ni la wanawake. Kupanda polepole, kimya, kusimama dakika kumi mbele ya jani, ni raha kama una uhakika nani yuko nyuma yako. Mwanamke peke yake msituni Pugu hawezi kufumba macho akahesabu pumzi. Mnatushaurije?

---

Mtembea Taratibu

Swali hili lingestahili kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Usiende peke yako, wala mimi mwanaume siendi peke yangu. Kimya hakihitaji upweke. Nendeni watu wanne au watano pamoja na mwongoza njia aliyetoka ofisi ya hifadhi, mpeane umbali wa hatua kumi kumi, kila mtu amwone aliye mbele yake. Wa mwisho nyuma awe mtu mnayemwamini. Mkubaliane ishara moja ya mkono ya kusimama. Katika mpangilio huo mtu anaweza kuzama kwenye mwendo wake kwa sababu ulinzi umegawanywa. Tena mwelezeni mwongoza njia mapema kwamba mtatembea kwa kusitasita, mkubaliane malipo ya siku nzima, la sivyo atawaharakisha kwa kuwa amezoea watu wanaokimbilia kileleni.

Na wala msifumbe macho. Zoezi hili linafanywa macho yakiwa wazi.

Vitu vya kubeba vichache: maji ya kutosha, koti la mvua hata kama ni Julai, viatu vyenye meno maana udongo wa njia zile ukilowa unateleza vibaya, soksi ndefu za kufunika suruali kwa ajili ya siafu. Na nguo ya kujifunika mkisimama. Morogoro mjini ni kama mita 500, Morningside ni kama 1,300, joto linashuka karibu nyuzi tano. Mtu wa Dar aliyetoka jasho akisimama dakika kumi huko anatetemeka.

Kwa upande wa Pugu, njiani kuna maeneo ya jeshi. Kamera ikae begini mpaka muwe ndani ya hifadhi.

---

Mjenzi wa Mbagala

Mimi naona haya ni mambo ya wenye hela. Mtu anaamka saa kumi alfajiri kwenda kibaruani, Jumapili anafua, ataenda saa ngapi kuhesabu pumzi Uluguru?

---

Mtembea Taratibu

Mkuu, uchovu huo naujua na sitakuambia ujikaze. Nauli ya SGR kwenda Morogoro daraja la kawaida ilianza na shilingi 13,000, kwenda na kurudi ni 26,000, bado chakula, bado ada. Kwa kibarua hiyo ni pesa. Pugu ni daladala tu, na kwa mara moja kwa miezi kadhaa inawezekana. Hata hivyo naona hoja yako ina jambo kubwa zaidi: jiji la mamilioni ya watu lingepaswa kuwa na miti na kivuli ambapo mtu wa Mbagala anaweza kutembea jioni bure. Misitu ya Pugu imeliwa na mkaa na viwanja kwa miaka mingi. Kila kipande kinachopotea kinamnyima kwanza mtu asiyeweza kwenda mbali. Hilo ndilo linalonifanya niandike uzi mrefu hivi.

---

Mwana wa Matombo

Nimesoma toka juu kimya, sasa naomba niseme kama mtoto wa milima hiyo.

Mnapozungumza Uluguru mnazungumza msitu, ukungu, kinyonga. Watu mmewasahau. Toka mjini mpaka Morningside njia mnayoitembea kwa tafakuri ni barabara ya mama zetu kwenda sokoni. Wanashuka na ndizi, na karoti, na maua, mzigo kichwani, wameamka usiku. Anakuja kijana wa Dar, anasimama katikati ya njia nyembamba, amefunga pumzi, mama mwenye tenga ampishe pembeni kwenye utelezi. Halafu anapigwa picha mgongoni, anawekwa mtandaoni na maneno ya maisha matulivu ya kijijini. Maisha yale hayana utulivu mnaoudhani.

Wageni kuitazama milima yetu bila kututazama sisi kuna historia. Waingereza walikuja na mpango wao wa matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, wakalazimisha watu wachimbe kwa nguvu, wakiamini wanaijua ardhi ile kuliko wenyewe. Mwaka 1955 Waluguru walikataa, kwetu Matombo kukawaka ghasia. Ardhi kwetu ni ya ukoo, na ukoo unakwenda kwa upande wa mama. Shamba unaloliona kama mandhari lina bibi yake. Na kuna vichaka ambavyo ni vya matambiko. Huingii, hupigi picha, hata kama hakuna kibao. Muulize mwenyeji.

Siwakatazi kuja. Karibuni sana. Lakini kama mnafundishana kutazama kwa makini, anzeni na watu.

---

Mtembea Taratibu

Mwana wa Matombo, bandiko lako nimelisoma mara nyingi kabla ya kujibu. Naomba wote wanaofuatilia walichukue kama sehemu ya mwongozo wenyewe.

Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Ukimwona anakuja, toka njiani wewe, upande wa chini ukiwa salama, msalimie, mwache apite. Salamu haivunji tafakuri yoyote. Kumpokea mtu kwa macho na kumwamkia mama shikamoo ni kuwepo kuliko kuhesabu pumzi elfu.

Picha ya mtu haipigwi bila kuongea naye, na mgongo ni mtu pia. Watoto hawapigwi bila mzazi. Akikataa, imeisha, usinung'unike wala usitoe noti kumbadilisha mawazo.

Nina swali kwako sasa. Mtu akikubali kupigwa, mnaona ni nini kinachofaa kurudi kwake?

---

Mwana wa Matombo

Umeuliza vizuri. Pesa ya mkononi inaleta ugomvi, watoto wanaanza kukimbilia kila kamera. Kinachotakiwa ni picha yenyewe. Bibi yangu amepigwa picha na wageni maisha yake yote na ndani kwake hakuna hata moja, ukitoa ile ya kitambulisho. Simu zao nyingi ni za vitufe, kwa hiyo msiseme mtawatumia. Isafisheni, iwe ya karatasi, mkirudi mje nayo. Hamkurudi, mpeni mwongoza njia, anawajua kwa sura na kwa ukoo.

Na nunueni vitu njiani. Ndizi za pale ni tamu kuliko mnazouziwa stendi.

---

Jicho la Lenzi

Hilo la kusafisha nalibeba mimi. Studio yangu ina mashine, karatasi nitatoa. Yeyote wa uzi huu atakayepiga picha ya mtu kwa ridhaa yake aniletee faili na maelezo ya mahali: njia gani, karibu na nini, nani aliwaongoza. Nitaandika kwa penseli nyuma ya kila picha ili mwongoza njia asichanganye. Mwana wa Matombo, wewe uko Dar au nyumbani?

---

Mwana wa Matombo

Niko Ukonga, napanda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Zile za njia ya Morningside nitamkabidhi mwongoza njia, za huku Matombo nitapeleka mwenyewe.

---

Mtembea Taratibu

Basi tumepanga hivi. Jumamosi ya kwanza baada ya masika kukata, kundi la Pugu: tukutane kituo cha Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, wasizidi kumi, tutagawanyika makundi mawili. Dada wa Tabata ataongoza la mikono mitupu akikubali, mimi la wenye kamera. Uluguru tutapanga baada ya hapo, na Mwana wa Matombo ndiye atakayesema tupite njia ipi na tusipite ipi. Wanaotaka kuja waandike hapa chini, waseme kama wana simu au kamera, na kama wana tatizo lolote la magoti au pumu tujue mapema.

---

Dada wa Tabata

Nakubali. Andika jina langu, na wadogo zangu wawili. Mmoja ana pumu, atabeba dawa yake.

---

Kimara Mwisho

Nipo. Simu.